Miezi Minane na Julia Domna Shingoni

Bibi yangu kule Tanga alikuwa na mkufu wenye sarafu mbili za pauni za dhahabu, nasi wajukuu tuliuona siku za harusi tu. Tangu hapo kidani cha sarafu hakinipiti hivi hivi. Safari hii nilitaka sarafu ya Kirumi, na nimeipata, baada ya kukosea mara moja.

Mara ya kwanza niliagiza mtandaoni kidani kilichokwisha kutengenezwa. Kilipofika, mgongo wake ulikuwa umezibwa kwa bamba la dhahabu, sarafu imebandikwa kwa gundi, na uso umesuguliwa ukawa unamemetuka kama kijiko cha dukani. Sarafu ya miaka 1,800 haiwi hivyo. Ule weusi uliotulia kando ya herufi ndio unaozifanya zisomeke. Tena Warumi waligonga sarafu zao kwa nyundo, ilhali bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu na mara nyingine huacha mstari ukingoni. Mgongo umezibwa, ukingo umefichwa, utakagua nini? Nilikirudisha na pesa zangu nikarejeshewa.

Mara ya pili nikaona bora kila kitu nikichukue kwa mwenyewe: sarafu kwa muuza sarafu za kale, dhahabu kwa sonara. Nikachagua dinari ya fedha ya Julia Domna, mke wa Kaisari Septimius Severus. Neno letu dinari asili yake ni hiyo denarius yao, limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, na mkewe alitoka Emesa, ambayo sasa ni Homs huko Syria. Mwaka 208 walikuja Uingereza, na mwaka 211 mume akafia York. Mimi naishi Leeds, York ni mwendo mfupi wa treni. Mwana wa Afrika aliyefia jirani na ninapolala, na sura ya mkewe ipo mezani kwa pauni 90. Sikuhitaji kushawishiwa.

Upande mmoja yupo yeye, nywele zimepangwa mawimbi mawimbi na kufungwa fundo kubwa kisogoni, na maandishi IVLIA AVGVSTA. Upande wa pili amesimama Juno, mungu wao wa kike, amejitanda ushungi, na miguuni pake yupo tausi mdogo sana, lakini shingo yake unaiona. Kwenye mizani ilikuwa gramu 3.3. Dinari za wakati ule si fedha tupu, kwa kuwa Severus aliipunguza ikabaki karibu nusu.

Sonara ndiye niliyemlipa hasa: pauni 520, kwa fremu ya karati 18. Alinikatalia kutoboa sarafu, akakataa pia kuilehemu, kwa sababu moto huharibu fedha ya kale. Fedha iliyokaa muda mrefu ardhini inaweza pia kuwa dhaifu ndani kwa ndani, ukiikandamiza inapasuka. Sarafu yenyewe si duara kamili, na ina ufa mdogo ukingoni. Alichonga dhahabu ifuate umbo la sarafu, hakuigusa sarafu kwa tupa. Inashikwa na meno manne madogo yanayoweza kufunguliwa, na pande zote mbili ziko wazi. Alama ya 750, yaani sehemu 750 za dhahabu kati ya 1,000, ndiyo karati 18, imegongwa kwenye fremu. Hapa Uingereza kitu cha dhahabu kinachozidi gramu 1 ni lazima kipigwe muhuri ndipo kiuzwe kama dhahabu.

Sasa dosari. Pande mbili za sarafu za Kirumi mara nyingi hazielekei sawa. Kwenye yangu, Julia akikaa wima, Juno na tausi wake wako kichwa chini. Sonara alinionyesha mapema akaniuliza nataka yupi asimame, nikamchagua Julia bila kufikiri sana. Leo ningeomba vitanzi viwili, juu na chini, ili nigeuze nipendavyo. Na hicho kitanzi kimoja nilichonacho ni chembamba, mkufu mzito wa mama haupiti.

Kwa miezi minane nimekivaa karibu kila wiki. Hakuna jino lililolegea, sarafu haichezi. Marashi najipaka kwanza, yakikauka ndipo navaa, na bwawani sikivai kabisa. Kukisafisha ni kitambaa laini kikavu basi. Dawa za kung'arishia fedha sizikaribishi.

Sonara nampa nyota nne kati ya tano. Mwezi ujao nakirudisha kwake aongeze kitanzi cha chini, na hicho cha juu akipanue mpaka mkufu wa mama upite.