Kumtafuta babu mkulima wa Minnesota: anza na faili la ardhi, mengine baadaye

Kwa wale mliooa au kuolewa huku Marekani, na wakwe kila sikukuu wanasimulia "babu yetu alitoka Norway akaja kulima" halafu ukiuliza zaidi hakuna anayejua kitu, msikimbilie kulipia mitandao ya mababu. Mimi nilikuwa namfuatilia babu wa babu yake mke wangu, aliyelima kaunti ya Otter Tail, Minnesota, miaka ya 1870, na hizi ndo huduma nilizotumia.

Tovuti ya BLM (idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma) ya rekodi za zamani za ardhi ni bure kabisa. Unaweka jimbo, kaunti na jina, inakuletea hati ya umiliki iliyoskaniwa yenye jina la rais wa wakati huo na namba za kiwanja. Nyota 5. Ila hati yenyewe kavu, jina na mipaka basi.

Utamu uko kwenye faili lililozaa hiyo hati, liko National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, kule Washington, unaagiza kwa fomu NATF 84 na unalipia. Hapa hela yako haiendi bure. Sheria aliyosaini Rais Lincoln mwaka 1862 iliwapa watu ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka 5, sasa ili upewe hati ilibidi uthibitishe, na majirani wawili waje kukutolea ushahidi, ndo maana maswali yote yameandikwa humo: umri, familia, umejenga nini, umelima ekari ngapi. Letu lina nyumba ya magogo futi 14 kwa 16, zizi, kisima, mke na watoto wanne, jirani mmoja hakujua kuandika akaweka alama ya X. Na kwa vile mzee alikuwa mgeni, karatasi zake za uraia zimo humohumo. Mama mkwe alivyofika kwenye kisima akaanza kuwapigia simu ndugu zake mmoja mmoja.

Sensa nilizipata FamilySearch, tovuti ya kutafuta mababu, nazo bure, unajisajili tu. Ya 1880 ndo ya kwanza kuonyesha kila mtu ni nani kwa mkuu wa kaya, na ukipata zile kurasa zake za kilimo utaona mpaka kuku na paundi za siagi za mwaka mzima. Ya 1890 karibu yote imepotea, iliharibiwa vibaya na moto Washington mwaka 1921, kwa hiyo Minnesota unaziba pengo na sensa za jimbo za 1885 na 1895. Tangu 2024 FamilySearch wana pia utafutaji wa AI unaosoma mwandiko wa mkono kwenye hati za ardhi na wosia, huo jamani ujaribuni. Ule mti wao wa ukoo sasa muusome kwa akili, ni mmoja wa watu wote na yeyote anaweza kubadilisha.

Majina ya Wanorway yanawachanganya sana Wamarekani, sisi wala. Mtoto wa Ole ni Olsen, binti ni Olsdatter, yaani jina la baba kama kwetu, halafu wanaongeza jina la shamba, na ukihama shamba jina nalo linahama. Kwa hiyo mzee mmoja utamkuta kwa majina mawili, tafuta yote.

Kuna mtandao mmoja wa kulipia, siutaji, nao nilijaribu. Rekodi nyingi nilizozitaka zilikuwa bure kwingine, na mwaka ulivyoisha wakakata hela ya mwaka wa pili kimyakimya. Nyota 2, na hizo kwa ajili ya picha za magazeti.

NB: kama mzee wenu alinunua shamba kwa kampuni ya reli au kwa mtu mwingine, huko BLM hamtamkuta, kule ni ardhi iliyotoka serikalini, nendeni ofisi ya kumbukumbu ya kaunti husika mkaulizie vitabu vya mauziano.