Siku Tatu Malta: Nilichokilipia na Nilichokiona Bure

Mchicha ndio ulionifikisha Malta, kile kinchi cha visiwa katika Bahari ya Mediterania. Utotoni, Mombasa, nyanya yangu alipochoka kunibembeleza nile mboga alikuwa akinitishia na Popeye, yule baharia wa katuni anayepata nguvu kwa kula mchicha: "Hutaki mchicha? Basi usije ukanililia ukipigwa shuleni. Mwenzio Popeye anakula." Yeye mwenyewe katuni hiyo hakuitazama hata siku moja, aliisikia kwa wajukuu tu. Ndiyo maana binamu yangu, anayesomea sheria za bahari huko Malta, aliponiambia kuwa kijiji cha Popeye kipo kweli, nyumba za mbao zimesimama ufukweni, nilikata tiketi ya ndege kutoka Hamburg, Ujerumani, ninakoishi, kabla hata sijaomba ruhusa kazini.

Haya ninayoandika ni ya siku tatu mwishoni mwa Mei. Siku moja tulinunua ziara ya kampuni, siku mbili tulijitembeza wenyewe kwa basi na feri. Naanza na ile ya kununua, maana ndiyo iliyoniuma mfukoni.

Tangazo lilisema "pwani na sinema", euro 85 kwa kila mtu, chakula cha mchana juu yako. Katika orodha ya mahali pa kutembelea kulikuwa na studio za filamu za Kalkara na ngome ya Ricasoli. Tulichotembelea ni ukuta. Studio zile haziingizi watalii. Basi dogo liliegeshwa nje, kijana aliyetuongoza akanyoosha kidole, tukapiga picha geti. Ngome nayo imefungwa, tukaionea ng'ambo ya bandari kutoka bustani ya Lower Barrakka mjini Valletta. Bustani hiyo kuingia ni bure, na tulikuwa tumeshaipita jana yake jioni tukila aiskrimu. Nikamuuliza kijana, kwa upole, mbona hili halikuandikwa. Akasema hata yeye huulizwa hivyo kila siku.

Haki yake nampa, lakini: mdomo alikuwa nao. Pale getini Kalkara ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa filamu wanakikimbilia kisiwa hiki tangu miaka ya 1960. Ndani kuna mabwawa makubwa yaliyojengwa ukingoni kabisa mwa bahari. Bwawa likijazwa pomoni, ukingo wake wa nje hupotea machoni, maji yake yakaungana na upeo wa bahari ya kweli iliyo nyuma. Kamera haioni mpaka. Meli inazama kwenye maji ya kimo cha mtu, na wewe uliyekaa kwenye kiti chako unaapa iko kilindini. Bwawa la pili, la kina kirefu, lilijengwa kwa ajili ya filamu ya 1980 kuhusu kuiibua Titanic, na kazi ilipokwisha modeli ya meli hiyo, yenye urefu wa futi 55, ikaachwa hapo nje ikiliwa na kutu miaka na miaka.

Kisha akaitaja Captain Phillips, ile ya Tom Hanks na maharamia wa Kisomali, iliyotoka 2013. "Bahari mliyoambiwa ni ya Somalia," akasema, "ni hii hapa." Ilipigwa 2012 nje kidogo ya pwani ya Malta, juu ya meli iliyo ndugu na ile iliyotekwa. Binamu yangu akaropoka kwamba meli yenyewe, Maersk Alabama, Aprili 2009 ilikuwa inakuja kwetu, Mombasa, na kwamba baba yake siku hizo alikuwa kazini bandarini. Watalii wenzetu wakageuka wakatutazama kana kwamba ni sisi tuliokuwa tukiungoja mzigo.

Na hivyo ndivyo kilivyo kisiwa hiki kizima: riziki yake ni kujifanya kwingine. Ngome ya Mtakatifu Elmo ilikuwa gereza la Uturuki katika Midnight Express ya 1978. Katika filamu ya 2016 kuhusu shambulio la Benghazi, Malta ndiyo iliyokuwa Libya. Na Ricasoli, ngome ya karne ya 17, ilikuwa Roma katika filamu ya Gladiator. Walijenga pale theluthi moja tu ya uwanja wa Colosseum, kwa plaiwudi na plasta, kimo cha futi 52, na sehemu iliyobaki ikaongezwa na kompyuta. Sisi tuliokua kwenye vibanda vya video, tuliokuwa tukibishana kama stelingi atakufa au hafi, hatukujua kuwa hata ukuta anaouegemea ni nusu yake tu. Oliver Reed, aliyecheza yule mzee mfanyabiashara wa wapiganaji, alianguka kwenye baa mjini Valletta tarehe 2 Mei 1999 akafa siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza sehemu yake, wakalazimika kuikamilisha kwa mtu wa kumwigiza na kompyuta. Tulipelekwa hadi kwenye baa hiyo. Vinywaji, bila shaka, juu yako. Mimi sinywi, nikasimama nikitazama picha zake ukutani hadi wenzangu wakamaliza bia.

Nilipoilalamikia kampuni kwa baruapepe walinijibu baada ya siku nane: punguzo la asilimia 10 kwa ziara yangu ijayo. Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za yule kijana.

Siku ya pili tukaenda kwa Popeye, wenyewe, kwa basi la kawaida. Kijiji kiko kwenye kighuba kinachoitwa Anchor Bay, upande wa Mellieħa, kaskazini mwa kisiwa. Usiogope neno kaskazini. Kisiwa kikuu cha Malta kingeingia ndani ya Unguja mara sita na nafasi ikabaki. Kinachokuchosha ni foleni ya magari.

Kijiji kilijengwa kwa ajili ya filamu ya Robert Altman iliyotoka Desemba 1980, Robin Williams akiwa Popeye, mara yake ya kwanza kuwa stelingi wa filamu kubwa. Mafundi 165 walianza kazi katikati ya 1979 wakatumia miezi saba. Malta ni jiwe tupu, kwa hiyo mbao zilitoka Uholanzi na vigae vya mbao vya kuezekea vikatoka Kanada. Misumari tu ilikuwa tani 8. Vitu hivi vyote vilikuwa vya kuigizia msimu mmoja kisha vivunjwe, lakini ndio hivyo, zaidi ya miaka 40 baadaye nimepanda ngazi zake, na ngazi hazikulia kuliko zile za jengo ninaloishi Hamburg.

Ndani kuna waigizaji waliovaa kina Popeye na Olive, kuna filamu fupi ya jinsi kijiji kilivyojengwa (itazameni, ndiyo nzuri kuliko yote), kuna bisi na safari fupi ya boti humo humo kwenye bei ya tiketi. Mwenye watoto atamaliza siku nzima bila kuombwa simu. Asiye na watoto, saa moja na nusu inatosha, baada ya hapo makelele ya spika yatakufukuza. Picha ile ya kwenye kadi, nyumba zote za rangi zikiwa zimejipanga juu ya maji ya feruzi, haipigwi ndani. Inapigwa kutoka kwenye jabali la ng'ambo ya ghuba, kando ya barabara, na hapo hakuna wa kukudai senti.

Niliketi juu ya jabali hilo muda mrefu nikingoja kitu, hata binamu yangu akaniuliza nangoja nini. Nilikuwa nangoja maji yapwe. Mtu wa pwani haachi tabia. Akacheka hadi akakaa chini: bahari ile kujaa na kupwa kwake ni kiasi cha shubiri moja, nyumba zinaweza kukaa ukingoni mwa maji mwaka mzima. Kinachozitisha ni mawimbi, na ndiyo maana waliotengeneza filamu walijenga pia ukuta wa kuyazuia mdomoni mwa ghuba.

Siku ya tatu ndiyo ninayotaka msome.

Gozo ni kisiwa cha pili. Unavuka kwa feri kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr, dakika kama 25, na mtu aliyezoea Likoni atashangaa mambo mawili: hakuna anayekimbia, na kwenda hulipi. Unalipia unaporudi tu, chini ya euro 5 kwa mtembea kwa miguu. Kwa hesabu ya binamu yangu, ukiamua kuolewa Gozo umeokoa nauli. Kutoka Mġarr tukapanda basi hadi Victoria, mji mkuu wa Gozo, kisha jingine hadi Dwejra, upande wa magharibi.

Dwejra ndipo palipokuwa na Dirisha la Buluu (Azure Window), lile tao la mwamba linaloonekana kwenye kalenda zote za zamani. Filamu ya Clash of the Titans ya 1981 ililipiga. The Count of Monte Cristo ya 2002 ililipiga. Arusi ya Khal Drogo katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya Game of Thrones ilifanyika mbele yake. Na katika upigaji huo mkandarasi alimwaga mchanga juu ya mwamba unaolindwa kisheria, ikawa kelele nchi nzima. Tarehe 8 Machi 2017, asubuhi ya dhoruba, tao likaanguka lote na nguzo yake. Nilijua haya kabla sijaenda. Hata hivyo nilitembea hadi ukingoni nikasimama, na watu wengine kama kumi wamesimama vilevile, simu mikononi, wote tukipiga picha nafasi iliyo wazi.

Hapo karibu kuna ziwa dogo la maji ya chumvi, wenyewe wanaliita Bahari ya Ndani, limezungukwa na vibanda vya wavuvi. Limeungana na bahari kuu kwa tundu refu lililotoboka chini ya jabali, mita kama 80. Boti ndogo zinakupitisha humo kwa euro 5, ndizo tulizolipa. Boti zina rangi kali, na baadhi ya mashua za Malta huchorwa macho mawili puani, sawa na macho ya majahazi ya Lamu. Niliyaona nikajisikia nimefika kwa watu.

Nahodha alikuwa mzee mwenye kofia ya nyasi. Akatuhesabu kwa kidole tulipokuwa tukikaa: "Ħamsa, sitta, sebgħa…" Nikadakia, "Sita, saba!" Akasimamisha kidole hewani. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu aliyevaa herufi za Kilatini, na baadhi ya namba zetu sisi tumezitoa kisima hicho hicho. Basi safari nzima tukawa tunapimana maneno. Yeye baħar, mimi bahari. Yeye ktieb, mimi kitabu. Yeye elf, mimi elfu. Kwenye samaki tukashindana, yeye ħuta, mimi samaki, kila mmoja akabaki na lake, na Wajerumani wawili mbele yetu wakadhani tunagombana.

Ndani ya tundu giza linakufunika kisha maji chini yako yanageuka buluu ya wino, mwanga unatoka chini badala ya juu. Ukitokeza upande wa pili jabali linapanda juu hadi shingo inauma. Alituzungusha kwenye mapango, akatuonyesha jiwe kubwa lililojitenga baharini ambalo watawala wa zamani waliliwekea walinzi kwa ajili ya mmea waliouamini kuwa dawa, kisha akazima mashine pale lilipokuwa Dirisha. Hakusimulia filamu hata moja. Alisema tu kuwa sasa liko chini, vipande vikubwa kama nyumba, na wapiga mbizi wanashuka kuviona. Tukakaa kimya tukisikia maji yakigonga mbao. Dakika ishirini kwa jumla. Nyota tano, na ningempa na zile mbili za yule kijana kama asingezihitaji.

Kwa atakayekwenda: viatu vya kushika mwamba, si ndala, mawe ya pale yanachana. Bahari ikichafuka boti hazitoki, kwa hiyo usiiweke Dwejra siku yako ya mwisho kama nilivyofanya mimi kwa ujinga. Na fika kabla ya saa sita. Tulipokuwa tunaondoka alasiri, mstari wa watu ulikuwa umeshafika kwenye gari la aiskrimu, na yule mzee alikuwa bado anahesabu.