Pampu ya mkono ya kukamulia maziwa: yangu, na ya mwenzangu

Najua anayesoma hapa ana mtoto begani na mkono mmoja tu ulio huru, kwa hiyo jibu nalitanguliza: nunua, kama unakamua mara moja au mbili kwa siku. Kama unarudi kazini na utakuwa mbali na mtoto kutwa nzima, tafuta ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa mpigo. Hii ya mkono itakuchosha kiganja kabla wiki haijaisha.

Ni ile ya kawaida kabisa, haina waya wala betri. Ina faneli ya plastiki inayokaa kwenye titi, kiwambo cha silikoni, mkono wa kubana, vali ndogo nyeupe yenye mdomo wa bata, na chupa ya mililita 150. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa herufi ndogo mno kwa mtu ambaye hajalala.

Sifa yake ya kwanza ni ukimya. Saa tisa usiku mtoto amenyonya upande mmoja, kasinzia. Upande wa pili umejaa mpaka umekuwa mgumu na ukilalia unauma. Pampu ya umeme ingemwamsha yeye na nyumba nzima. Hii unaichukua pale pale kitandani, taa ikiwa imezimwa. Unabana haraka haraka kwanza, mibano mifupi, mpaka maziwa yashuke. Matone yakigeuka mchirizi unabadili mwendo: unabana taratibu, unashikilia kidogo, unaachia. Mtoto mwenyewe hunyonya hivyo hivyo. Huanza mbio mbio, akisikia maziwa yanakuja hupunguza kasi akaanza kumeza. Mkono ulio huru nao usikae bure, upitishe kwenye titi kutoka kwapani kuelekea mbele, utaona mchirizi unavyoongezeka.

Lawama yangu ya kwanza ni faneli. Kwenye boksi iko moja tu, ya milimita 24, na karatasi haisemi popote kwamba zipo saizi nyingine. Zipo, na zina maana kubwa. Unapima kipenyo cha chuchu yenyewe, ule weusi unaoizunguka hauhesabiki, halafu unachagua faneli iliyozidi hapo kwa milimita chache. Ikikubana, chuchu inasugua kuta na kutoka imevimba. Ikizidi ukubwa, inavuta na ule weusi ndani, unaumia na maziwa hayatoki vizuri. Wanawake wangapi wameambiwa "vumilia, utazoea" wakati tatizo lilikuwa kipande cha plastiki?

Sasa nije kwa mwenzangu, maana nusu ya ninayoyajua kuhusu pampu hii nimeyajua kwake.

Rafiki yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza wakati wangu ameshaanza kushika shingo. Siku ya pili tu akanitumia ujumbe: "Dada, niazime ile pampu yako, mtoto hashibi." Nilimkatalia, na nadhani kwa muda alinuna. Pampu hizi hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Maziwa hupenya kwenye mikunjo ya kiwambo, mahali ambapo brashi haifiki, na maziwa ya mama yanaweza kubeba vimelea vya magonjwa hata kama mama mwenyewe anajiona mzima. Nguo za mtoto nitakuazima, beseni nitakuazima. Hii hapana. Nilimpelekea mpya.

Ila siku ile hakuhitaji pampu hata hiyo mpya. Siku za mwanzo kinachotoka ni dang'a, kidogo na nzito, na ukiikamua kwa pampu inaishia kuganda kwenye kuta za faneli. Dang'a hukamuliwa kwa vidole: kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi. Unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia, unakingia kijiko safi. Matone machache unayoyaona yanatosha, tumbo la mtoto lenyewe bado dogo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na kule kutaka ziwa kila mara ndiko kunakouambia mwili uongeze maziwa.

Maziwa yenyewe hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5. Yake yalipojaa, yalijaa kweli: matiti magumu, yanang'aa, chuchu imelala bapa na mtoto anateleza kila akitaka kushika. Hapo pampu ikafanya kazi yake. Alikamua kidogo tu, mpaka sehemu ya mbele ilipolainika, akamweka mtoto, akashika. Angekamua mpaka titi liwe tupu, mwili ungedhani kuna watoto wawili wa kulishwa na kesho yake kujaa kungezidi. Na mama yeyote akiona titi jekundu, la moto, na homa juu yake, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Pampu haitibu.

Kitu kilichomsumbua zaidi ni kuitazama chupa. Alikamua baada ya mtoto kunyonya, akapata mililita 30, akaanza kulia kwamba hana maziwa. Nikachukua soksi ya mtoto nikaivalisha chupa. Tukapiga soga za watu tunaowajua, yeye akiendelea kubana bila kuangalia. Ilipotolewa soksi yalikuwa yamezidi, lakini hata yasingezidi, mililita 30 baada ya mtoto kushiba ni kitu cha kawaida kabisa. Pampu haipimi maziwa ya mama, inapima tu kilichokubali kuingia kwenye pampu. Ukitaka kujua kama mtoto anapata, hesabu nepi: kuanzia siku ya 5 hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku, na uzito unapanda kliniki. Machozi yale niliyafuatilia pia. Ya siku za mwanzo ni kawaida, yakivuka wiki mbili ni suala la kumwona mhudumu wa afya, na nilimwambia hivyo waziwazi.

Nikienda kwake kazi yangu ilikuwa kuosha. Sikuuliza "nikusaidie nini," kwa sababu mzazi akiulizwa hivyo hujibu "aa, usijali." Naingia, naosha mikono, nafungua pampu kipande kwa kipande. Suuza kwanza kwa maji ya baridi kutoa maziwa, kisha maji ya moto na sabuni ndani ya beseni lake peke yake. Usiviweke moja kwa moja kwenye sinki la vyombo, sinki lina mambo yake. Suuza tena, anika juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe. Mara moja kwa siku chemsha.

Vali ndiyo lawama yangu ya pili, na hii ndiyo iliyokula nyota. Ni laini mno. Ukiingiza brashi kwenye ule mdomo wa bata unachanika mchaniko ambao huuoni kwa macho, na kuanzia hapo mvuto unapungua kidogo kidogo. Mama anabana na kubana, kinachotoka ni kidogo, anahitimisha kwamba maziwa yamekauka. Kabla hujafika huko, itoe vali uielekeze kwenye mwanga. Mdomo ukiwa umeachama wenyewe bila kubinywa, imekwisha, badilisha. Mimi naiosha kwa kuikamulia maji ya sabuni kwa vidole tu. Watengenezaji wangeweka vali ya akiba ndani ya boksi wangetuokoa na wasiwasi mwingi. Hawakuweka.

Chupa ni nzuri, alama zake hazijafutika na kifuniko hakivuji hata ikilala kwenye mkoba. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa kwa muda usiozidi saa 4 ndani ya chumba kisichozidi nyuzi 25 (kukiwa na joto zaidi, weka kwenye friji mapema), siku 4 kwenye friji, na kwenye friza ni bora yatumike ndani ya miezi 6. Yakiyeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, na usiyagandishe tena. Yakijitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika. Zungusha chupa taratibu. Pasha kwa kuiweka ndani ya maji ya uvuguvugu. Maikrowevu hupasha vibaya, huku baridi, kule pa kuunguza mdomo wa mtoto.

Nyota nne kutoka kwangu. Mwenzangu anatoa tatu: anasema kifundo cha mkono kinamuuma na faneli ya saizi yake ilibidi ainunue pembeni. Lakini juzi nilipomuuliza kama anataka kuiuza, alicheka akaniambia nisubiri mpaka wa kwake aote meno. Nikamkumbusha kwamba hata akiota meno, pampu hiyo haiuzwi wala haiazimwi.