Blenda ya mkono kwa sosi nzito za saladi: tazama kikombe kabla ya wati

Ukiingia duka la vyombo vya stima kwenye Kenyatta Avenue hapa Nakuru na kuulizia blenda ya mkono, utaonyeshwa wati kwanza: 300, 600, 800, na bei inapanda nazo. Kwa supu ya malenge au maharagwe wati hizo zina kazi. Kwa mayonezi, na kwa sosi nzito ya kabeji au ya kachumbari inayotokana nayo, hata wati 200 zinatosha. Kinachoamua kama sosi itashika au itakatika (mafuta yajitenge) ni upana wa kikombe kinachokuja na mashine, na jinsi mguu wa mashine, ule mrija wenye kisu mwishoni, unavyokaa ndani.

Yai moja lina takriban mililita 50 tu. Likimwagwa kwenye jagi pana linatandaa, kisu kinalipita juu juu na kuanza kuvuta mafuta kabla ya kiini. Hapo mchezo umeisha. Kikombe kizuri kimezidi kofia ya kisu (kile kifuniko chenye matundu kinachokizunguka) kwa upana wa kidole pembeni, si zaidi, na chini yake ni bapa. Vikombe vingi vya bei ya chini vina kinundu katikati ya kitako. Yai linateleza pembeni na kisu kinabaki juu ya kinundu. Mashine ikiwa nzuri lakini kikombe kibaya, inunue tu, kisha utumie mtungi wa siagi ya njugu wenye mdomo mpana. Pima kwanza kama mguu unaingia hadi chini kabisa.

Kipimo cha kuijaribu ni hiki: yai 1 zima, kijiko 1 kikubwa cha siki au maji ya limau, kijiko 1 cha chai cha haradali, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na mafuta mililita 200. Yai litoke kwenye friji mapema, lisiwe baridi. Mafuta yaingie mwisho, kisha subiri dakika moja mpaka yai litulie chini. Shusha mguu taratibu ufunike kiini, ukandamize kwenye kitako, ndipo uwashe. Usiuinue. Ndani ya sekunde chache wingu jeupe litaanza kutoka kwenye matundu ya kofia na kupanda. Subiri sekunde 10 hadi 15, mpaka karibu nusu ya kikombe iwe nyeupe, ndipo uvute mguu juu polepole ili mafuta ya juu yaingie. Anayekatikiwa na sosi huwa amevuta mapema.

Ikikatika, usimwage. Osha kikombe, weka kiini kipya na kijiko cha maji, kisha rudisha ile iliyokatika kidogo kidogo mashine ikiwaka.

Mafuta nayo yana mambo yake. Mengi ya mafuta ya kupikia ya bei nafuu madukani ni ya mawese, na hayo huanza kuganda kwa baridi. Kwa Nakuru si lazima hata friji. Asubuhi ya Julai inatosha kuyaonyesha mawingu kwenye chupa. Mayonezi yake hutoka vizuri siku ya kwanza, kisha ikilala kwenye friji inaamka na chembechembe na mafuta yamejitenga. Tumia alizeti, soya au mahindi. Mafuta ya zeituni yakipigwa na kisu cha kasi huwa machungu, kwa hiyo yakoroge kwa kijiko mwishoni kama unayapenda.

Yai bichi linaweza kuwa na salmonella, bakteria wanaougua watu tumbo. Kwa mama mjamzito, mtoto mdogo au mzee, weka maziwa baridi mililita 100 badala ya yai, mafuta mililita 200, chumvi, na namna ileile ya kuinua. Limau hapa linaingia baada ya sosi kushika. Kusema kweli, kwa matumizi ya nyumbani hii ya maziwa ndiyo tunayoipendekeza zaidi: ladha yake ni ya upole na haikatiki ovyo.

Kuna kazi moja ambayo blenda hii inaiharibu, na karatasi ya maelezo haisemi. Ukitaka sosi nyepesi yenye uchachu, chuja mala kwenye kitambaa safi ndani ya friji kwa saa nne au zaidi, mpaka ibaki nzito. Sasa usiiweke chini ya kisu! Inavunjika na kuwa maji papo hapo. Saga kwanza dhania, pilipili manga na punje 1 ya kitunguu saumu ndani ya nusu kikombe cha mayonezi, toa mguu, kisha changanya nusu kikombe cha mala kwa kijiko. Yoghurt pia inafaa, ila soma pakiti: nyingi zina sukari na vanila.

Na kama sosi ni ya kabeji, kabeji yenyewe ikate nyembamba, ipake chumvi, iache dakika 20 na uikamue kwa nguvu. Bila hivyo maji ya kabeji yataigeuza sosi yako kuwa mchuzi kabla ya chakula kuisha, na lawama ataipata blenda. Kwa joto la Kisumu bakuli lisikae mezani zaidi ya saa moja au mbili. Kwenye friji, ya yai bichi iishe ndani ya siku tatu.

Unaponunua, omba ichomekwe na iwashwe dukani. Plagi ya pini mbili inayohitaji adapta ni kero, kwani hulegea ukiwa katikati ya kuinua mguu. Chagua mguu wa chuma unaotoka. Wa plastiki hushika rangi ya manjano na harufu ya kitunguu. Mashine nyingi za aina hii hazifai kuwashwa zaidi ya dakika moja mfululizo. Mayonezi haifiki hapo, lakini njugu za kusaga zinafika, na ndizo huunguza mota.

Kuosha ni rahisi: maji ya vuguvugu na tone la sabuni kwenye kikombe, washa sekunde tano, suuza. Sehemu ya mota ifutwe tu kwa kitambaa. Baada ya muda angalia pale kisu kinapoingia kwenye kofia. Ukiona uteute mweusi unatoka hapo, mpira wa ndani umechakaa na grisi inavuja, na mguu huo usiguse chakula tena.