Riwaya ya njozi: ukiwa Kigoma, anza kununua ipi?

Riwaya ya njozi hupimwa kwa jambo moja: muujiza wake una masharti? Jini akiweza lolote saa yoyote, msomaji hana cha kuhofia. Kwa kipimo hicho tumepanga vitabu vinne.

1. *Adili na Nduguze*, Shaaban Robert. Hasidi na Mwivu wamegeuzwa manyani, na Adili, ndugu yao waliyemdhulumu, analazimika kuwachapa kila usiku. Kusamehe anataka, ruhusa hana. Sharti hilo moja ndilo linalobeba kisa chote. Kinamfaa hata mtoto wa darasa la sita, mradi mkubwa awe karibu kumfafanulia maneno magumu.

2. *Kusadikika* (1951), wa mwandishi huyohuyo. Nchi inaelea angani, lakini Karama hana upanga wala hirizi. Anajitetea barazani kwa siku sita dhidi ya mashtaka ya waziri Majivuno, akisimulia wajumbe waliotumwa nchi nyingine. Kasoro: safari za wajumbe zinafanana mno. Mpenda mapigano atapiga miayo kwa mjumbe wa tatu.

3. *Kufikirika*, pia wa Shaaban Robert. Mfalme hana mrithi, waganga wanapishana mlangoni. Nusu ya kwanza tamu, ya pili ina mawaidha mengi.

4. *Nagona* (1990), Euphrase Kezilahabi. Kazi kubwa, ila si ya kuanzia. Masharti yake yamefichwa. Ukisoma kwa haraka, umepotea.

Sasa ununuzi. Maduka ya vitabu ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, hutegemea zaidi vya shule, kwa hiyo soma jalada vizuri: palipoandikwa “Mwongozo wa…” au “Uchambuzi wa…” ni maelezo ya mtihani, riwaya yenyewe haimo. Watu wengi hurudi nyumbani na hicho.

Kitabu cha mtumba kifungue katikati. Gundi ikilia, kurasa zitaanza kuchomoka. Kisha fuata namba za kurasa hadi mwisho. Vitabu huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na fungu likikosekana unaruka kutoka 32 hadi 49. Kivuli cheusi kando ya mgongo ni dalili ya fotokopi. Kinachonuka ukungu kiache, kwani kitaambukiza rafu nzima.

Ukiagiza Dar, dai picha ya ukurasa wa jina na wa mwisho kabla ya kutuma pesa. Msimu wa mvua mwambie muuzaji akifunge kwenye nailoni kwanza, ndipo akitie kwenye boksi. Buti la basi huingiza maji.