Wanja Mweusi wa Mtindo wa Gothi: Upime kwa Mafuta, Usiupime kwa Maji

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wasomaji wa Mwanza yanafanana mno. Msichana wa Nyegezi au wa Kirumba amejipamba kwa mtindo wa gothi alasiri, wanja mzito juu na chini ya jicho, midomo myeusi, na kabla jua halijazama ameona mstari wa pili mweusi juu ya kigubiko cha jicho, mahali ambapo hakupaka kitu, huku chini ya jicho kukiwa na ukijivu uliotambaa hadi shavuni. Karibu wote huongeza kwamba muuzaji aliwahakikishia kuwa wanja huo hautoki kwa maji. Katika hilo muuzaji hakudanganya, kwa sababu kilichouharibu wanja huo hakikuwa maji bali mafuta.

Wanja mwingi unaosifiwa kwa kudumu hutengenezwa kwa nta na gundi za jamii ya silikoni, zikichanganywa na kiyeyushi chepesi, kama vile isododekani, ambacho huruka hewani muda mfupi baada ya kupakwa na kuacha utando juu ya ngozi. Utando huo huyakataa maji lakini huyapokea mafuta, na mafuta hayakosekani usoni: ngozi yenyewe huyatoa, losheni ya asubuhi inayo, na faundesheni nyingi zinayo pia. Mwanza haina joto la Dar es Salaam, ila unyevunyevu wa ziwa hulichelewesha jasho kukauka, na kila unapopepesa jicho utando uliolainika husugua mkunjo wa juu na kuacha rangi huko. Mtindo wa gothi ndio unaoumia kuliko mitindo mingine. Tangu enzi za mwimbaji wa Uingereza Siouxsie Sioux na klabu ya Batcave iliyofunguliwa London mwaka 1982, jicho lake limekuwa la kujazwa weusi kuanzia kwenye kope hadi juu ya mkunjo, na rangi inapokuwa nyingi kiasi hicho, ndivyo inavyopata nafasi ya kuhama.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia uzuri wa kopo wala wepesi wa brashi, mambo ambayo kila mtu huyaona mwenyewe dukani. Kigezo changu ni kimoja: jinsi wanja unavyoyastahimili mafuta. Wauzaji wengi wa mjini, kuanzia wenye meza za Makoroboi hadi wenye maduka ya viyoyozi, huchora mstari mgongoni mwa mkono wako, huunyunyizia maji, huusugua kidogo, kisha husubiri utoe pesa. Nenda dukani na kichupa kidogo cha mafuta ya nazi. Omba mstari uchorwe, uache ukauke kwa dakika kumi, weka tone moja la mafuta, subiri nusu dakika, halafu upitishe kidole mara moja tu bila kukandamiza. Hakuna wanja unaoyashinda mafuta kabisa, na usingetaka uwepo, kwa kuwa usiku utahitaji kuutoa. Unachotafuta ni tofauti ya kasi: wanja hafifu hugeuka tope papo hapo, ilhali wanja mzuri hubaki mstari wenye kingo zinazoonekana, hata kama umepungua weusi.

Nafasi ya kwanza naipa Inglot AMC Eyeliner Gel, namba 77, na sifichi upendeleo wangu. Kampuni hii ya Poland ilianzishwa na mkemia, Wojciech Inglot, katika mji wa Przemyśl mwaka 1983, na kwangu mimi ukemia huo unaonekana ndani ya kikopo. Weusi wake ni mzito tangu mpako wa kwanza, hauna kahawia inayojitokeza kwenye kingo, na ukishakauka hukaa ulipouweka. Kwenye kipimo cha mafuta huacha mstari wakati mingine imekwisha kuwa madoa. Kikopo kina gramu 5.5, nacho hudumu muda mrefu hata kwa anayejaza kigubiko kizima. Kasoro yake ni kukauka ndani ya kopo ukiacha kifuniko kimelegea, lakini tone moja la Duraline, kimiminika cha kampuni hiyohiyo, huurudishia ulaini. Duraline hiyo pia hugeuza aishedo nyeusi ya unga kuwa wanja wa maji, jambo linalofaa sana kwa anayetaka kuchora utando wa buibui pembeni mwa jicho. Hapa Mwanza mara nyingi utalazimika kuagiza, na bei yake ni kubwa. Hata hivyo ningemshauri msichana anayeupenda mtindo huu kwa dhati asubiri, akusanye fedha, na anunue huu mmoja badala ya kununua mingine mitatu.

Ya pili ni Maybelline Lasting Drama Gel, ambayo ina takriban gramu tatu na huja na brashi yake. Ni laini zaidi, hivyo hupakika kwa urahisi, na ulaini huohuo ndio udhaifu wake kwenye mkunjo. Dawa ni aishedo nyeusi isiyong'aa, ibandikwe juu yake kwa brashi bapa kabla wanja haujakauka, kwa kugusagusa bila kuburuta, ili unga unywe mafuta kabla hayajaufikia utando. Ukifanya hivyo, wanja huu husogea karibu kabisa na ule wa kwanza.

Ya tatu ni NYX Epic Ink, kalamu yenye ncha ya brashi. Kwa mkia mkali wa jicho na kwa michoro myembamba siioni ya kuishinda, lakini usijazie kigubiko kizima kwa kalamu hii, kwa sababu tabaka zikirundikana huanza kubanduka vipande vipande.

Penseli za bei nafuu zitumike kama msingi chini ya aishedo nyeusi, basi. Wanja wa unga usio na lebo uachwe kabisa, kwa kuwa baadhi yake hutengenezwa kwa sulfidi ya risasi, na Marekani hairuhusu wanja wa aina hiyo katika vipodozi. Piko isikaribie jicho kwa namna yoyote: rangi ya nywele yenye parafenilenidiamini inaweza kulipofua jicho.

Lebo ndiyo inayonikasirisha zaidi kwa wauzaji wetu. Weusi wa wanja hutokana hasa na rangi mbili, oksidi ya chuma yenye namba 77499 na kaboni nyeusi yenye namba 77266. Ya pili ndiyo yenye weusi wa kina zaidi, na toleo lake lililosafishwa limeruhusiwa Marekani tangu 2004 katika wanja, maskara na rangi za midomo. Mnunuzi ana haki ya kuzisoma namba hizo. Badala yake anakuta stika ya bei imebandikwa juu ya orodha ya viambato, au boksi limetupwa na kikopo kimebaki peke yake, na akiuliza anaambiwa kuwa dola imepanda, kana kwamba ameuliza bei. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), hivyo bidhaa isiyosomeka si jambo la kuvumilia kwa aibu ya kuonekana msumbufu. Muulize muuzaji, na asipojibu rudisha kikopo mezani.

Maskara inastahili neno moja, kwa kuwa kipimo cha maji huidhulumu. Zipo maskara zinazofunika kila unywele wa kope kwa kijimrija cha polima. Hazihami kwa mafuta wala kwa jasho, ila hutoka kwa maji ya uvuguvugu na kusugua kidogo. Muuzaji akizijaribu kwa maji ya moto atakwambia ni dhaifu, ilhali kwa jicho la gothi ndizo zinazofaa kuliko zote.

Kwa midomo sheria ni ileile. Maybelline SuperStay Matte Ink hushikilia vizuri katika rangi zake za giza, ingawa hubaki na unatonato, na jioni wadudu wadogo wa ziwani wanapotanda kama moshi, baadhi yao hunasa mdomoni. Bonyeza karatasi laini, kisha gusisha poda kidogo. Glasi ya soda haitaidhuru. Sangara wa kukaanga ataimaliza kuanzia katikati ya mdomo, kwa hiyo ipake nyembamba, tabaka moja, usivuke hadi sehemu yenye unyevu ndani ya mdomo, na rangi iliyobaki uende nayo mezani.