Redio ya Kenwood niliyonunua Mwanga, Kigoma, na yule mbwa wa Victor

Wadau wa Kigoma mnaotafuta redio ya gari, hii yangu nina miezi minne nayo sasa na nimeridhika kabisa, ngoja niwaelezee vizuri maana kuna vitu nimevijua njiani ambavyo ningevijua mapema nisingepoteza hela.

Gari langu ni Probox, limekuja na redio yake ya Kijapani, na wenye magari haya shida yake mnaijua, FM ya redio hizo inaanzia 76 inaishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108, kwa hiyo nimetoka nalo Dar, Tabora, Kaliua, Uvinza, mpaka naingia Kigoma nasikiliza injini tu. Fundi mmoja akanifungia kile kidude cha kuongezea masafa, kikashika stesheni mbili zenye mikwaruzo, halafu namba unayoiona kwenye kioo siyo namba ya stesheni unayosikiliza. Simshauri mtu.

Siku tunaitoa ile redio ndo tukakuta CD imebaki ndani, mwenye gari wa kwanza aliisahau. Maandishi Kijapani tupu, ila pembeni kuna neno Victor na kambwa kadogo kamekaa mbele ya pembe la gramafoni. Baba mdogo alikuwepo, mtu wa Ujiji huyo, akaishika akaigeuza geuza kwenye mwanga, akasema "huyu si mbwa wa santuri za marehemu babu yako?" Na kweli, zile sahani nazikumbuka, za HMV, kampuni ya Waingereza iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Nikajiuliza mbwa wa santuri za Ujiji kafikaje kwenye gari la Mjapani, usiku ule sikulala nasoma tu kwenye simu.

Kumbe mbwa mwenyewe anaitwa Nipper, alichorwa Uingereza na Francis Barraud, Uingereza wakamtumia HMV na Marekani wakamtumia Victor, na hiyo Victor ya Marekani ndo iliyofungua kampuni Yokohama mwaka 1927. Vita ikaja ikakata undugu, wa Japani wakabaki peke yao na mbwa wao. Hao ndo JVC, walewale walioleta VHS mwaka 1976, mikanda ya video tuliyokuwa tunalipia kuangalia mabandani.

Miaka ya 2000 JVC ikawa inakula hasara, Oktoba 2008 ikaingia pamoja na Kenwood chini ya kampuni mama moja, na Oktoba 2011 zikawa kampuni moja kabisa, JVCKENWOOD. Hapa mimi roho ilinidunda, maana kampuni zikiungana cha kwanza kutupwa mara nyingi ni muziki. Angalia BMG ya Japani, kampuni ya muziki, ilimezwa na Sony mwaka huohuo wa 2008. EMI ya Japani nayo 2013 ikaingizwa ndani ya Universal, ikabaki jina tu la kubandika kwenye CD. Kwa hawa wa mbwa kilichouzwa ni Teichiku, lebo yao ya muziki iliyoanza mwaka 1934, 2015 ikachukuliwa na Brother, ndiyo, hao hao tunaowajua kwa vyerehani, wana biashara ya karaoke pia. Hilo liliniuma, miaka themanini ya nyimbo siyo kitu kidogo. Lakini Victor yenyewe, upande wa muziki, hawakuigusa, studio yao ya Aoyama pale Tokyo waliyoifungua 1969 imeendelea kurekodi, na 2017 walipotimiza miaka 90 wakalirudisha jina la Victor hata kwenye vifaa vya kusikilizia muziki. Ile CD yangu simu ilinitafsiria jina, ni Southern All Stars, kundi limeanza kutoa nyimbo na Victor tangu 1978 na bado wako nao. Kwa hiyo nilipoenda dukani nilitaka Kenwood, na nilitaka yenye mdomo wa CD.

Sasa sikilizeni hapa kwenye hela. Duka la kwanza nilipewa kitu kimeandikwa Kenwood mbele, ukikishika chepesi kama kopo, nyuma hakina kibandiko chochote. Nikarudisha. Geuza redio usome nyuma, mpya kawaida inaandikwa JVCKENWOOD Corporation. Ukikuta ya mtumba imeandikwa Kenwood Corporation peke yake usiikatae haraka, hiyo inaweza kuwa ya kabla hawajaungana, ila hakikisha na uzito.

Yangu nimeipata duka la pili hapohapo Mwanga kwa 180,000, kijana wa pale akaiwasha na kuiunganisha na spika mbele yangu kabla sijalipa, akanisubiri nimalize CD nyimbo tatu nzima bila kuninunia. Huduma safi sana. Kufunga nikalipa 15,000, na fundi alitumia soketi ya kuchomeka, hakukata waya wa gari hata mmoja, muulizeni fundi wenu hilo kwanza.

Sauti ni nzuri, ya mwimbaji inakaa mbele na gitaa unalisikia kila uzi, bluutuu inashika mara moja, flashi inasoma folda zote. Kwenye boksi wameandika 50W mara nne lakini hiyo ni kilele, nguvu ya kudumu ni kama wati 22 kila spika, anayetaka besi ya kutikisa vioo anunue na amplifaya. Mimi inanitosha. Jioni nikiwa Kibirizi nasubiri abiria wa boti naiweka ile CD, baba mdogo akipita anaingia anakaa siti ya mbele, Kijapani hajui hata neno moja ila haondoki mpaka iishe.